Ulanzi Kwenye Chupa ya Danieli

Siku ya saba baada ya upasuaji, muuguzi Yunisi alipima chupa iliyoning'inia kitandani kwa Danieli, akaandika kwenye faili: majimaji, mililita mia mbili, ulanzi. Kisha akaenda kitanda cha pili.

Danieli alikuwa ametolewa umio kwa sababu ya saratani. Tumbo lilivutwa juu likaunganishwa na kipande kilichobaki, na pale palipounganishwa pakavuja. Wiki nzima hakuwa ameonja kitu. Alilishwa kwa mpira ulioingia kwenye utumbo, na hata mate aliambiwa ateme. Daktari aliinusa chupa, akauliza kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, una povu. Wakamwambia hauna.

"Basi umegemwa leo asubuhi," alisema, akaendelea na mpango wake. Hawatampasua tena, maana hatastahimili. Watamshushia kipande cha sifongo mpaka kwenye tundu linalovuja, mpira wake utokee puani, na mashine ivute uchafu usiku na mchana. Kipande hicho watakibadilisha kila baada ya siku nne, na nyama itajifunga yenyewe. "Ila mashine isisimame. Ikisimama, uchafu unaingia kifuani, na hapo sina la kufanya."

Aliyemuuguza ni dada yake, Mektilda, mjane anayeuza viazi stendi ya Makambako. Jirani yake Halfan ndiye aliyewaleta hospitali ya Njombe kwa lori. Alipoingia kumpa mgonjwa pole, Halfan alisita mlangoni.

"Astaghfirullah! Dada, mgonjwa anakunywa?"

"Hanywi. Unamtoka."

"Aa," alisema Halfan, akaingia.

Mektilda naye alinusa, mara moja tu, akaujua. Ulanzi ule ulikuwa na moshi. Baba yao, marehemu Yohanes, alipanda milanzi yake palipokuwa na tanuri la matofali, na ulanzi wake ulinukia moshi, tofauti na ulanzi wa kichaka kingine chochote kijijini. Na kichaka hicho ndicho kilikuwa mpaka: huku kwa Danieli, kule kwa Mektilda. Mwaka aliofiwa na mumewe, miaka tisa nyuma, Danieli alimtumia habari kwamba moto umepita, kichaka kimeteketea hadi visiki. Wazee wakauhamishia mpaka kwenye mfereji, ndani ya shamba la Mektilda. Danieli akapanda parachichi kwenye kipande alichoongezewa, Mektilda akabaki na mawe. Hakwenda kuangalia. Kaka yako wa tumbo moja akikwambia kimeungua, unakwenda kuangalia nini?

Kila asubuhi chupa ilijaa. Mektilda aliimwaga, akaiosha, akairudisha.

Siku ya kumi na tano, saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Yunisi alikuja mbio na pampu ya kukanyaga kwa mguu, akaiunga kwenye mpira.

"Mama, kanyaga. Mshale usishuke chini ya huu mstari mwekundu. Mimi nina wengine wawili kule."

Mektilda akakanyaga. Nusu saa nzima alikanyaga bila kuinua macho. Ulanzi ulipanda kwenye mpira, mweupe, mtamu, wa moshi.

"Kaka, kile kichaka kiliungua?"

Danieli akafumba macho. Mguu wa Mektilda ukasimama.

Mshale ukaanza kushuka. Ukafika kwenye mstari, ukaupita. Danieli alianza kutetemeka, jasho likamtoka, kucha zikabadilika rangi.

"Kanyaga, dada."

"Kiliungua?"

"Hakikuungua. Kanyaga!"

Akakanyaga. Alikanyaga huku analia kwa hasira, mguu wa kulia ukichoka anaweka wa kushoto, mpaka umeme uliporudi saa moja jioni. Angeweza kumwacha. Alilijua hilo, na Danieli alilijua.

Wiki ya tano walimpa maji yenye rangi ya bluu ayameze. Wakaitazama chupa saa nzima. Haikuingia bluu, wala ulanzi. Tundu lilikuwa limejifunga, bila kisu. Daktari alifurahi sana, na Mektilda, lazima tuseme ukweli, alifurahi pia.

Nyumbani ukoo ulikuja kumpokea. Kamwene, kamwene, pole na safari. Walipokwisha kukaa, Mektilda alisimama mbele ya baba yao mdogo, Romanus.

"Baba, mwambie kaka arudie alichoniambia hospitali. Kuhusu mpaka."

Wote wakamgeukia Danieli.

"Nilikuwa na homa," alisema. "Kichaka kiliungua."

Baba mdogo Romanus alikohoa, akasema mgonjwa asichoshwe, aletewe kitu laini cha kuteremsha. Wakamkabidhi Mektilda kibuyu, kwa kuwa yeye ndiye amemuuguza. Alipoinamisha kibuyu, moshi ulijaa sebuleni. Kila mtu aliunusa. Hakuna aliyeuliza ulanzi huo umetoka wapi, maana ndio huo waliokuwa wakiunywa miaka yote tisa.

Danieli akanywa funda moja, polepole. Wote wakamtazama kifuani. Halikuvuja hata tone.

Akanyoosha kikombe, na Mektilda akamwongeza.