Ukimya wa Upande wa Pili

Niliota usiku wa jana kwamba nimeketi ofisini kwa Bwana Shekilindi, meneja wa kampuni ya kufungasha asali, tusaini mkataba wa ubia kati ya kampuni yake na ushirika wetu wa wafuga nyuki wa Sikonge. Mimi ndiye mwenyekiti wa ushirika. Karatasi hazikuwepo. Mkataba wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta, umevaa tai.

"Karibu, Upande wa Pili," ukanisalimia.

"Naitwa Nyamizi."

"Humu ndani huitwi hivyo."

Nikasimama kupinga. Upande wangu wa kulia tu ndio uliosimama. Wa kushoto ulibaki kitini, umetulia, unasubiri maelekezo.

Bwana Shekilindi akaniomba radhi. "Ndivyo mfumo ulivyo, mama. Hata mimi nyumbani wananiona nusu."

Mkataba ukaanza kujisoma mbiombio. Ulipofika kifungu cha tisa ukashusha sauti: kampuni inaweza kubadilisha sharti lolote, hata lile la kutokata miti ya msitu wenye mizinga yetu, na ukimya wa Upande wa Pili utahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Nikanyamaza, nafikiri. Saini yangu ikajitokeza yenyewe kwenye kioo. Nje ya dirisha mti wa mninga ukaanguka.

"Sijakubali!"

"Umenyamaza," ukasema mkataba.

Basi nikaamua kwamba sinyamazi tena.

Ofisi imeshakuwa msitu wetu. Mizinga inaning'inia mitini, kila mmoja umechomekwa kwenye umeme. Naongea. Naeleza jinsi ya kumfukuza nyegere. Naisimulia miti harusi ya dada yangu, pamoja na ugomvi wake. Nikivuta pumzi tu, mti mwingine unaanguka. Koo linaniwaka.

"Pumzika kidogo, mama," mkataba unanibembeleza. "Kila mtu huchoka."

"Nikichoka mimi, wenzangu wapo."

Namwita Bi Milembe, mweka hazina wetu, mwanamke ambaye mkutanoni hutikisa kichwa tu. Anatokea na wavu wake usoni, anautazama mkataba kuanzia juu hadi chini.

"Hatutaki," anasema. Anaona neno limetoka vizuri, analirudia kwa nguvu.

Nyuma yake wanachama wanamiminika, wote wanaongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, kama mkutano wetu mkuu wowote ule. Upande wangu wa kushoto nao umefika, unapiga kelele kuliko wa kulia. Nyuki wanadakia. Miti haianguki tena.

Mkataba unalegeza tai. "Nani kati yenu ndiye Upande wa Pili?"

"Sisi."

"Mfumo haulitambui jina hilo."

"Utalizoea."

Simu ndiyo iliyoniamsha. Jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa Bwana Shekilindi, yule wa kweli.

"Samahani kukusumbua, Mwenyekiti. Kompyuta yenye mkataba wetu inavuma tangu tulipofungua ofisi. Fundi ametega sikio, anadai kuna watu ndani wanabishana. Nimwambie nini?"

Nikakaa kitandani. Nilipofungua kinywa, sauti iliyotoka ilikuwa imekwaruzika kabisa.

"Mwambie afute kifungu cha tisa."

Akanyamaza kidogo. Nami nikamwacha anyamaze.

"Akikifuta," akauliza, "watanyamaza?"

"Hapana," nikamjibu. "Wataongea taratibu."