Msumari wa Bibi Enid

Asubuhi ya Jumamosi ya kupiga kura, Enid Cawthorne alifika karakanani kabla ya wenzake akagongelea msumari ukutani. Alipapasa ubao kwa kidole gumba, akapata nafasi kando ya msumari wa marehemu Harold Dring, akapiga nyundo. Hakukosea hata pigo moja. Msumari ukakaa imara.

Thea alikuwa mlangoni, sinia la vikombe mikononi. Enid alikuwa dada wa babu yake, na Thea hakuhitaji kumuuliza msumari ule ni wa nini. Katika chama chao cha waunda mashine ndogo, pale Lincoln, kila mwanachama alivaa ufunguo wake wa karakana. Aliyefariki au aliyeacha, ufunguo wake ulitundikwa kwenye ubao ule. Hakuna aliyewahi kuutundika kisha akarudi kuutungua.

"Bibi, kura bado haijapigwa," Thea alisema.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimegongelea msumari tu. Ufunguo bado uko shingoni."

"Na kile cha zamani kikishinda?"

"Kishinde kwa miujiza gani? Gerald ameshanunua mpaka rangi ya kifaru chake."

Walikuwa wanachagua kifaru. Chama kilikuwa kimekubaliana kuunda kifaru kimoja cha vita, robo ya ukubwa wake halisi, chenye minyororo ya chuma na injini ya kweli, kikaendeshwe kwenye maonyesho ya kiangazi. Kazi ya miaka. Lakini kifaru kipi? Juu ya hilo walikuwa wamebishana majira yote ya baridi, chai ikipoa mezani.

Enid alitaka kile cha kwanza kabisa, kile kikongwe chenye umbo la mshazari, kilichozaliwa hapo hapo Lincoln wakati wa vita vya mababu zao. Zamani angekipigania kwa meno. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufa katikati. Aliona pembeni tu. Akikutazama usoni, uso ndio uliopotea. Mashine ya kukereza vyuma, aliyoitumia maisha yake yote, aliiacha mwenyewe kabla hajaombwa aiache. Tangu hapo kazi yake ilikuwa chai.

"Sikatai kuchemsha chai," alikuwa amemwambia Thea. "Ila sikujiunga na chama cha chai. Wakianza kazi mpya, na ndani yake hamna kitu cha mtu kama mimi, nitundike ufunguo niende nyumbani. Nisije nikawa kama kiti kinachosogezwa ili watu wapite."

Maneno hayo yalimkaa Thea kifuani wiki nzima. Enid ndiye aliyemfundisha kukata chuma, akiweka kiganja chake kikavu juu ya mkono wake na kumwambia asikilize, kwa sababu mashine hulalamika kabla haijaharibu kitu. Thea alikuwa na cheti cha chuo cha ufundi wa umeme, lakini hicho hakikumfundisha kusimama mbele za watu. Chuoni wenzake ndio waliosema, yeye akabonyeza vitufe. Akitazamwa na watu wengi aligeuka mwekundu mpaka shingoni, na sauti ikamkimbia. Katika mwaka wake mmoja wa uanachama hakuwahi kunyoosha mkono mkutanoni.

Lakini wiki hiyo alikuwa amefanya jambo, tena kwa siri. Karakana ilikuwa na kitoroli kilichotengenezwa kutokana na kiti cha magurudumu cha umeme, cha kubebea vyuma vizito. Kilikuwa na mota mbili, moja kila upande. Jioni baada ya kazi Thea alikuja peke yake, akakata waya na kuzigawa, akafunga rimoti mbili mahali palipokuwa na moja.

Wenzao walifika wakipangusa matope ya Machi kwenye buti. Gerald Mumby, mwenyekiti, aliyekuwa daktari wa meno mpaka alipostaafu, aliingia na picha kubwa ya Tiga, kifaru cha Wajerumani, aliyoibandika kwenye kadibodi. Keith Sleight, fundi wa matrekta, aliingia na mkate wa matunda na kipande kikubwa cha jibini, akaviweka katikati ya meza ya chai kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

"Wa nyumbani huo," alisema. "Mke wangu kauoka tangu jana. Anayemchagulia Gerald Tiga yake asiuguse."

"Hiyo ni rushwa," Gerald alisema.

"Rushwa ni jibini. Mkate ni ukarimu."

Walicheka, wakaketi kwenye viti na ndoo zilizogeuzwa. Gerald akasimama na picha yake. Alisema vizuri, kama kawaida yake. Tiga inajulikana na kila mtu. Watoto wataikimbilia. Wageni watapiga picha. Ukimwonyesha mtu wa mitaani kile kikongwe atadhani ni tangi la kuoshea viazi.

"Gerald, ndugu yangu," Keith alisema, "mwaka jana kwenye maonyesho niliona Tiga nyingi kuliko walizokuwa nazo Wajerumani wenyewe. Nilikanyagwa na moja nikienda chooni. Tuunde Centurion. Kifaru cha heshima, tena ndani kilikuwa na birika la chai."

"Na wewe unataka kuunda birika."

"Nataka kuunda birika lenye mzinga, ndiyo!"

Wakacheka tena. Gerald akamgeukia Enid, na sauti yake ikalainika. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. "Enid, una neno juu ya kile cha kwanza? Ni haki yako. Ila niseme ukweli, uendeshaji wake ni balaa. Nimesoma. Watu wanne kukigeuza kona moja! Dereva, kamanda, na wawili nyuma, kila mmoja na gia za upande wake. Tiga nitaiendesha peke yangu kwa rimoti moja."

"Umeshasema yote wewe," Enid alisema. Mkono wake ulikuwa kwenye kamba ya ufunguo. "Tupige kura."

Kila mtu alikuwa ameshika nati yake. Ndivyo chama kilivyopiga kura: unageuza mgongo, unadondosha nati kwenye kikombe cha unachokitaka. Leo, juu ya meza ya chai, kikombe cha kauri kilikuwa cha Tiga, glasi ya Centurion, na kikombe cha bati cha kile kikongwe. Gerald alikuwa wa kwanza kuinuka.

Thea akasimama. Alifungua kinywa, na kama alivyoogopa, hapakutoka kitu. Joto lilimpanda shingoni. Watu wote walikuwa wanamtazama, isipokuwa mmoja ambaye hakuweza.

Alichukua spana mezani, akaigonga kwenye sinia.

*Ngaa!*

"Mama yangu!" Keith aliruka, chai ikamwagika pajani. "Moto?"

"Bado," Thea alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. "Msipige bado. Wale wawili wa nyuma."

"Wawili gani, binti?" Gerald aliuliza.

"Wa gia. Walikuwa hawaoni nje. Injini ilikuwa katikati yao, kelele, moshi. Dereva alikuwa anagonga chuma, wao wanasikiliza wanabadilisha gia. Hawakuona walikokwenda hata kidogo." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo sisi tusikiendeshe kwa rimoti moja. Tukiendeshe kama wao. Naomba... naomba niwaonyeshe. Bwana Mumby, na Bibi Enid. Tafadhali."

Keith ndiye aliyejibu. "Mwaka mzima nilidhani huyu mtoto ni bubu. Mpeni nafasi bwana!"

Thea akavuta viti viwili, akaviweka vielekee ukuta wa ubao wa funguo. Akamkalisha Enid kushoto na Gerald kulia, akawapa kila mmoja rimoti. Kitoroli kilikuwa nyuma yao, karibu na mashine ya kukereza. Safari ilikuwa kupita kati ya mashine, kuzunguka jiko, kuikwepa meza ya chai, na kutoka nje kwa mlango mkubwa.

"Sinia ni la Bibi. Birika ni lako, Bwana Mumby. Nikigonga cha mmoja wenu, kama upande wake unakwenda, ausimamishe. Kama umesimama, auendeshe. Basi. Msigeuke."

"Kwani mchezo wenyewe mgumu?" Gerald alisema, akakunja mikono ya shati. "Nimeng'oa meno ya magego miaka thelathini."

Thea akagonga vyote viwili. Kitoroli kikaanza kwenda mbele kikinguruma. Akagonga sinia, upande wa Enid ukasimama palepale, kitoroli kikapinda kushoto taratibu kama ng'ombe anayeingia zizini. Sinia tena; kikanyooka. Mtu mmoja akapiga mluzi.

Kisha kikafika kwenye jiko. Gerald alisikia magurudumu yakisaga sakafu karibu naye, akashindwa kujizuia, akageuza kichwa. Aliona jiko, akaona hatari, na kidole kikabonyeza kabla birika halijagongwa. Kitoroli kikazunguka kama kichaa, kikaiacha njia, kikaenda kuipiga meza ya chai kwa nguvu zake zote. Glasi ya Centurion ikavunjika. Mkate wa matunda ukaruka, ukaangukia kwenye beseni la grisi.

Keith akavua kofia. "Umeua mkate, Mumby."

"Niliona kinakwenda kugonga jiko!"

"Ndiyo kosa lako," Enid alisema. Alikuwa bado ameelekea ukutani, mgongo umenyooka, rimoti mapajani. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sauti yake ilikuwa ile ya zamani, iliyowahi kuwafanya wanaume wazima wasage vyuma upya. "Nani kakutuma kuona? Kazi yako si kuona. Mwenye kuona yuko mbele, amekuamini. Rudisheni kitoroli. Gerald, fumba macho."

"Enid..."

"Fumba, bwana! Mimi yangu yamejifumba yenyewe, wala sijafa."

Gerald akafumba. Wakarudisha kitoroli pale kilipoanzia. Watu hawakuwa wameketi tena. Walisimama kandokando ya mashine, wakiwa wameshika vikombe bila kunywa. Thea hakuhisi tena shingo yake. Alikuwa anaitazama njia.

Sinia na birika. Mbele. Sinia. Kikapinda. Sinia. Kikanyooka. Gerald alikuwa anatoka jasho, mara moja kidole chake kilikaribia kubonyeza, na Enid akamnong'oneza, "Subiri. Hajakuita." Birika. Kikapinda kulia, kikalizunguka jiko kikiwa karibu kuligusa bila kuligusa. Birika, kikanyooka. Kikapita kando ya meza ya chai.

"Mpaka nje!" Keith alipiga kelele. "Mpaka nje, Thea, usiwaachie!"

Thea akakifuata, akigonga huku anatembea, sinia kwenye kwapa, birika mkono mmoja na spana mkono wa pili. Kitoroli kikapanda kizingiti, kikatingisha vyuma vyake, kikatoka uani kwenye jua la Machi na kwenda kusimama katikati ya dimbwi. Thea alipogonga kwa mara ya mwisho, pande zote mbili zilinyamaza pamoja.

Kelele iliyoinuka karakanani ilisikika mpaka barabarani. Watu wazima wenye mvi walikuwa wanapiga madebe kwa spana. Gerald alifumbua macho, akageuka, akatafuta kitoroli ndani asikione. Akakiona nje, kwenye dimbwi.

"Tumefanya sisi hilo?" aliuliza.

"Mimi nimefanya," Enid alisema. "Wewe ulikuwa abiria. Lakini unafundishika."

Kura ikapigwa hatimaye, baada ya Keith kutafuta glasi nyingine huku akisema Centurion yake imeshaonja vita. Enid aliketi palepale, kichwa kimeinama upande mmoja. Kura ya chama chao ilikuwa siri kwa kila mtu isipokuwa masikio yake, na hilo walilijua wote.

Nati ya kwanza ikalia kwenye bati. Ya pili, bati. Ya tatu ikadondoka kwenye kauri na mtu akakohoa kwa aibu. Kisha bati, na bati, na bati, mpaka ikawa kama mvua inaanza juu ya paa. Keith alisimama muda mrefu mbele ya glasi yake mpya, akaguna, akaenda kwenye bati. Wa mwisho alikuwa Gerald. Hakugeuza mgongo kama ilivyo desturi. Aliinua nati juu, akaiachia kutoka juu kabisa, ili isikike vizuri.

"Bati," Enid alisema.

"Bati," Gerald alisema. "Ila nina sharti moja. Gia za kulia ni zangu. Na ile rangi niliyonunua tutaitumia kwenye mlango wa choo."

Walikuwa wameanza kubishana juu ya ribiti za kuunganishia mabamba ya chuma, zitatengenezwa ngapi na nani, wakati Thea alipoona Enid ameinuka na kwenda kwenye ubao wa funguo. Enid alipapasa ubao kwa kidole gumba, akapita msumari wa Harold Dring, akafika kwenye wake.

"Thea! Niletee koleo."

Akamletea. Enid akaubana msumari, akauvuta mara moja, ukatoka. Akauviringisha kati ya vidole kutafuta kama umepinda. Ulikuwa umepinda kidogo. Akaulaza juu ya chuma, akaunyoosha kwa pigo moja la nyundo, akamkabidhi Thea.

"Urudishe kwenye kopo la misumari," alisema. "Msumari mzuri huu. Kisha njoo hapa kwenye mashine, na wewe Gerald sogeza hiyo picha yako. Tunaanza na magurudumu ya minyororo. Nani anachemsha chai leo?"

Gerald Mumby alilitazama birika, alimtazama Enid, akaenda kulijaza maji.