Mbuzi Aliyesifu Kamba

Mwaka wa 1956 Marcellin alipewa ile karte, kitambulisho cha serikali ya kikoloni kwa Waafrika "walioendelea", na tangu siku hiyo hakushikika tena. Alikuwa karani mjini Bukavu, na sasa hata muhogo wa kuchoma aliula kwa uma. "Mambo ya fimbo na kugema mpira iko ya zamani," alimwambia mkewe Bibiane kila jioni. "Tusahau tu."

Alisema hivyo hata mbele ya Papa Ignace, babake Bibiane, mtu wa upande wa Mwenga. Wakati wa vita vya pili vya Ulaya serikali ilimpeleka mzee huyo msituni kwa nguvu kugema mpira, na siku kikapu kisipojaa alilazwa chini akachapwa.

Bibiane hakugombana. Aliandika mchezo wa kuigiza kwa kikundi cha wamama wa mtaa wa Bagira, akampa mumewe nafasi ya Mbuzi.

"Maneno yangu iko mingi?"

"Kupita ya wote."

Marcellin alifurahi mno. Wiki mbili alilia mee mee nyumbani, mpaka jirani akaja kuuliza kama mbuzi anauzwa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mbele kabisa alikaa mkubwa mmoja wa Kizungu. Marcellin aliingia na pembe za karatasi, kamba shingoni, amefungwa kwenye mguu wa kiti. Akatangaza kwa majivuno:

"Zamani kamba yangu ilikuwa fupi. Leo ni ndefu, nafikia mpaka majani ya upande wa pili! Anayesema nilifungwa ni mwongo. Na hii alama ya shingoni, nilizaliwa nayo!"

Watu waliangua kicheko, wamama wakashikana wasianguke. Mzungu naye akapiga makofi, akauliza kama ni somo la mifugo.

"Ndiyo, Bwana. Mifugo kabisa," mama mmoja akamjibu.

Marcellin alidhani wanasifu mlio wake, akaongeza mee. Ndipo akamwona Papa Ignace, anacheka machozi yakimtoka, mkono mmoja ukipapasa mgongo wake mwenyewe, pale alipochapwa. Maneno aliyoyakariri wiki mbili yakamwingia kwa mara ya kwanza. Akaishika kamba shingoni.

"Sema, 'Asante, kamba!'" Bibiane alinong'ona nyuma ya pazia.

"Sisemi! Huyu mbuzi iko mimi!"

Ukumbi mzima ulisikia. Kicheko kilipanda, na Marcellin mwenyewe kikamshika. Aliing'ata kamba, ikagoma kukatika. Basi akatoka mbio mlangoni, pembe zinaanguka, kiti kinaruka nyuma yake.

Papa Ignace alimkuta nje, akaanza kufungua fundo. Wote wawili walikuwa bado na kwikwi ya kicheko.

"Papa, munisamehe. Ile habari ya Mwenga, munielezee."

"Iko murefu, mutoto yangu."

"Nitasikiliza."

Mzee alikaa kwenye majani. "Tulitoka watu wane," akasema. "Mimi, Polycarpe, Edouard, na mudogo wake Modeste. Modeste hakurudi."

Bibiane alikuja akakaa kando yao. Hata yeye, majina hayo hakuwa ameyasikia.