Mama Élise na Jiko Lisilo na Moto

Lori la kutoka Banalia lilipaswa kuondoka Jumamosi. Lakini watu wa Chama tawala walilitaka siku hiyo hiyo, libebe wacheza ngoma kwenda kumpokea mkubwa mmoja aliyekuwa anapita, na lori likitakiwa na Chama hakuna wa kubisha. Dereva akawaambia abiria wake waziwazi: ama mnaenda nami Ijumaa, ama mnangoja mpaka nitakaporudi, na sijui nitarudi lini. Ndiyo sababu ujumbe wa posa ulifika Kisangani siku moja kabla ya wakati wake, mvua kubwa ikinyesha, na bila mtu yeyote kule nyumbani kwa Kataliko, baba wa binti anayeposwa, kuwa na habari.

Walikuwa watatu. Papa Dominique, baba wa kijana anayeoa, mzee mpole aliyebakiwa na meno machache. Tonton Assumani, yaani Mjomba Assumani kwa heshima tu, mfanyabiashara wa asili ya Maniema aliyehamia Banalia miaka mingi, Muislamu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao. Na Mama Élise, dada yake Papa Dominique, aliyekaa ndani ya lori siku nzima amekumbatia kikapu cha samaki wa moshi chini ya kipande cha turubai, nguo yote imemgandama mwilini.

Huyu Mama Élise ndiye waliyekuwa wanamwogopa wote. Kijana Évariste, mwalimu, alikuwa mtoto wa kaka yake, lakini mama mzazi alifariki kijana akiwa bado anatambaa, na shangazi ndiye aliyemlea mpaka akatoka nyumbani kwenda kusoma. Isitoshe, alikuwa mpishi. Kutoka Banalia hadi Bengamisa, mtu akitaka kusifu lituma, ndizi zile zilizopondwa zikalainika, alizifananisha na za Mama Élise. Na alikuwa amesikia maneno. Alikuwa ameambiwa kwamba Victoire Kyakimwa, yule binti Évariste anayemtaka, ni mtoto wa Wanande, watu wa Kivu, wenye duka la vyakula vya barafu, kwamba kwao hawapondi wala hawasagi, kwamba chakula chao kinatoka kwenye friza kinaingia kwenye sanduku la umeme. Njiani alimwambia kaka yake, "Mimi nitaenda kuona mikono ya ule mutoto. Nikiona haijue kazi, nitasema."

Papa Dominique alijua dada yake akisema atasema, husema.

Waliyemkuta mlangoni ni binti mwenyewe, peke yake. Baba yake, Edouard Kataliko, alikuwa kiwanja cha ndege cha Simi-Simi akipokea shehena iliyoletwa kwa ndege kutoka Goma, na mama yake alikuwa dukani katikati ya mji. Victoire alimtambua Tonton Assumani kwa sababu ndiye aliyekuja safari ya kwanza kubisha hodi ya uchumba. Akaelewa mara moja wale wengine ni nani. Mama Élise aliona macho ya msichana yakifunguka, akaona pia yakitulia.

"Karibuni, wazazi wangu. Muingie, mvua isiwamalize," alisema, akapiga goti kidogo, akapokea kikapu.

Aliwapa taulo. Akamletea Mama Élise kitenge kikavu cha mama yake, akamfungulia chumba abadilishe. Akamwita jirani aliyekuwa anapita na mwavuli, akamwomba apitie dukani kumwambia mama yake kwamba wageni wa kesho wameingia leo. Ndipo Mama Élise, akiwa amevaa kitenge cha mwenye nyumba, akaona kitu ambacho alikuwa anakingoja: binti alitoka kwenda uani kutazama makala, yale makaa ya kupikia, akarudi mikono mitupu. Paa la jiko la nje lilikuwa limevuja usiku kucha. Gunia zima la makala lilikuwa maji matupu.

"Sasa tutaona," Mama Élise alijisemea, na bila kualikwa akaingia jikoni akaketi kwenye kigoda.

Jiko lile la ndani lilikuwa chumba kidogo. Upande mmoja friza refu lilinguruma, na juu ya meza ilikuwa ile mashine yenyewe, sanduku jeupe lenye mlango wa kioo. Kataliko aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake na kurudi kwao.

"Mama, pumzika sebuleni," Victoire alisema. "Umechoka na njia."

"Hapa niko sawa. Fanya kazi yako."

Msichana akainama ndani ya friza. Alitoa pakiti za soseji, viazi vya frites, yaani chipsi, vilivyokatwa tayari, njegere, mchicha wa kizungu ulioganda kama tofali, na kipande cha nyama ya kusaga. Akashika pakiti moja ya soseji iliyokwisha kufunguliwa, akaisoma, akairudisha. Akachukua nyingine. Kisha akaosha tena kisu na sahani ambavyo tayari vilikuwa vimegusana na ile ya kwanza, akavikausha kwa kitambaa kingine.

"Sababu gani unaosha mara mbili?"

"Ile ya kwanza iko nguruwe, mama. Tonton Assumani hapana kula nguruwe. Hii iko ngombe."

Mama Élise mwenyewe, aliyekuwa amesafiri na Assumani siku nzima, hilo halikumpitia kichwani.

Victoire akapanga soseji kwenye sahani ya udongo, lakini si kwa kuzimwaga. Alizichoma kwanza kwa uma zisipasuke, akazizungusha pembeni kama watoto wanaocheza duara, katikati akaacha wazi. Akazifunika kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Mlango ukafungwa, taa ikawaka ndani, sahani ikaanza kuzunguka polepole. Mama Élise alisogeza kigoda. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na ndimi za moto. Kulikuwa na mngurumo mdogo tu, na baada ya muda mfupi sana, harufu ya nyama.

"Katikati umeacha tupu."

"Katikati inabaki baridi, mama. Pembeni ndiyo inapata nguvu. Mwanzo nilikuwa nasahau, baba akauma soseji, ndani bado barafu."

Alisema hilo akicheka mwenyewe, na mikono haikusimama. Wakati soseji zinazunguka alikuwa tayari amekata kitunguu, amesaga vitunguu saumu na chumvi, amekamua limau. Soseji zilipotoka hakuzigusa, aliziacha zikae zimefunikwa, akisema joto bado linatembea ndani. Njegere zikaingia na siagi kidogo. Zilipolainika akaziponda kwa chupa, haraka, mkono ukizunguka kutoka bega, akatia limau na vitunguu saumu mpaka zikawa uji mzito wa kijani wa kuchovea, "sababu ya meno ya mzee," alisema.

Mama Élise aliutazama ule mkono. Haukuwa mkono uliozoea kinu, hilo aliliona. Lakini ulikuwa unajua unakokwenda. Hakuna kitu kilichowekwa mezani kikachukuliwa tena bila sababu, hakuna kijiko kilichotafutwa.

Jibini iliyoletwa kutoka milima ya Masisi ikafuata, imekatwa vipande na kutiwa maziwa ili iyeyuke. Hapo Victoire alikosea. Aligeuka kukausha sahani, akaichelewesha, na alipofungua mlango jibini ilikuwa imejikunja ikawa kama mpira wa kiatu. Mama Élise alingoja kuona ataificha wapi.

Victoire akaleta bakuli mbele yake. "Angalia, mama. Nimeiua. Hii inataka moto kidogo, unatoa, unakoroga, unarudisha. Nimefanya haraka." Akaiweka kando, akakata nyingine, akaanza upya. Safari hii alisimama palepale, akafungua mlango mara kwa mara na kukoroga, mpaka ikawa laini, inavutika, inang'aa. Akanyunyizia pilipili.

Mwaka mzima uliopita Mama Élise alikuwa amefundisha kupika wasichana wa ukoo, na wote wakiunguza walisema sufuria ni mbaya.

Akanyanyuka. Akafungua kikapu chake, akatoa samaki mmoja wa moshi, mnene, mweusi, mwenye harufu ya mto na kuni. "Na huyu, ile sanduku yako inaweza kumufanya nini?"

"Sijui, mama," alisema Victoire. "Sijapata kumjaribu. Tumjaribu pamoja."

Mama Élise akamvunja samaki, akatoa mifupa kwa vidole vyake vya kazi, akatia nyama ndani ya bakuli la bati lililokuwa karibu, na kabla binti hajageuka akalisukuma ndani ya mashine na kubonyeza kama alivyomwona akibonyeza. Cheche za buluu zikaruka, na sauti ikapasuka kama mtu anakanyaga majani makavu. Victoire alifika kwa hatua moja, akafungua mlango, kila kitu kikanyamaza.

Mama Élise alikuwa ameshika kifua. Alisubiri kukemewa.

"Ni kosa yangu, sikukuambia," Victoire alisema taratibu. "Bati haiingie mule. Hata mimi mara ya kwanza niliweka sufuria ya mama, nikakimbia mpaka kwa jirani."

Wakatazamana. Mama Élise ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichowafanya wanaume sebuleni wanyamaze na kusikiliza.

Samaki akahamishiwa bakuli la kioo. Victoire akaleta mchicha ulioyeyuka na kukamuliwa maji, Mama Élise akaomba mafuta ya mawese, akamimina kwa kupima na jicho. Binti akapendekeza kitunguu kitangulie kwanza peke yake kwenye mafuta, kiive, kisha vingine vifuate. Shangazi akafikiri, akakubali. Walipochanganya yote na kurudisha kwa muda mfupi wa mwisho, Victoire alichukua kijiko, akakipeleka kwa Mama Élise kwa mikono miwili.

"Onja wewe, mama. Chumvi ya samaki wako siijue."

Alionja. Hakuamini kwamba kile kilikuwa samaki wake. Moshi ulikuwepo, mto ulikuwepo, lakini mchicha umempoza na mawese yamemshika. Akaonja tena, akisingizia kutafuta chumvi.

"Tia pilipili mbili," alisema hatimaye. "Ndogo."

Sinia ilipoingia sebuleni, mvua bado ilikuwa inapiga mabati. Katikati yalikuwa mabakuli manne ya kuchovea: kijani cha njegere, jibini ya njano, nyama ya kusaga yenye nyanya na kitunguu, na samaki wa mchicha. Pembeni soseji zimekatwa vipande vya kushikwa kwa vidole, mikate, frites, na ndizi zilizoivishwa ndani ya maganda yake. Papa Dominique na Tonton Assumani walikuwa hawajamaliza hata kikombe cha chai waliyopewa walipofika.

"Frites hazilii mdomoni kama za mafuta," Victoire alieleza kwa aibu. "Mule zinakuwa laini tu."

"Laini ndiyo yangu," alisema Papa Dominique. Alichovya moja kwenye njegere, akala, akachovya nyingine, kisha akalivuta bakuli karibu naye.

Tonton Assumani alinyoosha mkono kuelekea soseji, akausimamisha hewani.

"Ngombe," Mama Élise alimwambia kabla hajauliza. "Kula. Nimeona kwa macho yangu, na kisu kilioshwa."

Assumani alimtazama yule mwanamke aliyekuwa amelalamika njia nzima, akatazama sinia, akala.

Kataliko na mkewe walifika pamoja, wamelowa, nyuso zimewashuka kwa haya. Kataliko alianza kuomba radhi akiwa bado mlangoni: mbuzi alikuwa wa kesho, wapishi walikuwa wa kesho, hata viti vilikuwa vya kesho. Akaishia katikati ya sentensi, kwa sababu wageni walikuwa wameegemea kwenye viti, wameshiba, na Mama Élise alikuwa amekaa chini kwenye mkeka akilifuta bakuli la jibini kwa kipande cha mkate.

"Citoyen Kataliko," alisema, kwa lile jina la heshima la serikali, yaani raia, "kaa. Mutoto yako ametupokea."

Mazungumzo rasmi yalifanyika Jumamosi kama yalivyopangwa, mbuzi akiwa tayari. Tonton Assumani alisema alichopaswa kusema, upande wa Wanande ukajibu. Ilipofika zamu ya shangazi, watu wakamgeukia, na Évariste, aliyefika asubuhi hiyo kutoka shule anakofundisha na kungoja nyumba ya pili kama desturi inavyotaka, aliambiwa baadaye kwamba baba yake alikuwa ameinamisha kichwa tayari kwa lolote.

"Mimi nilikuja na maneno mengine," Mama Élise alisema. "Jana bageni waliingia bila habari, mvua iko, makala hakuna, mama yake hayuko. Alifikiri meno ya kaka yangu, alifikiri dini ya Assumani. Aliharibu chakula kimoja, akanionyesha. Mimi niliharibu kimoja, akanifunika. Huyu nitakaa naye."

Mama yake Victoire akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, na Kataliko akaagiza vinywaji.

Ndoa ilifungwa mvua zilipopungua. Mama Élise alikuja mapema kabla ya wengine, akapewa chumba cha nyuma, lakini mchana kutwa aliyemtaka alimkuta jikoni, kwenye kigoda, mbele ya kile kioo, akimuuliza mkwe wake habari ya kila kitu alichokiona ndani ya friza.

"Na mayai?" alimuuliza siku moja.

"Mayai na ganda lake hapana, mama. Yanapasuka."

Mama Élise alifikiri kidogo, akalivunja yai kwenye kikombe, akachukua uma. "Basi tuyakoroge," alisema, akasogea ili binti apate nafasi ya kufungua mlango.