Mkunga wa Mama Sabaha

Mwaka ule wa foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, Xaveria wa mtaa wa Bagara alikuwa na mtoto mgonjwa na jirani mwema, na mdomo wake nusura umpotezee jirani huyo.

Bintiye Natalia aliugua surua, akabaki mifupa mitupu. Zena, mke wa Mikidadi mwenye duka, mzaliwa wa Tanga, akawa anamletea supu nzito kila mchana. Xaveria hakuuliza ni supu ya nini. Mwenye shida ana muda wa kuuliza? Mtoto akapata nguvu, akarudi kucheza.

Ndipo siku moja Xaveria akachungulia uani kwa Zena, akaona kitu kirefu, cha kijivu, kisicho na magamba kama ya samaki, kimeanikwa kambani. Kwao Mbulu samaki haliwi, na wale wachache aliowahi kuwaona ni wa ziwani, wafupi. Kwake hicho kilikuwa nyoka, basi. Angeweza kupiga hodi akauliza, lakini wapi! Alikwenda moja kwa moja bombani, wanawake walikokuwa wakichota maji.

"Amemlisha mwanangu nyoka!"

Tangu hapo wanawake hawakumwazima Zena hata kiberiti, na watoto wao wakakatazwa kucheza na Sabaha, binti yake.

Zena alivumilia, kisha akaja bombani na kile kitu mkononi. Akakunjua pezi lake refu la mgongoni, wote waone.

"Nyoka ana mapezi, Mama Natalia? Huyu ni mkunga, samaki wa baharini. Mama yangu alimkausha akanitumia kwa basi. Nimemkatia mwanao kipande kipande. Wangu wamekula mchicha, maana wao si wagonjwa."

Waliopiga kelele pamoja na Xaveria ghafla wakawa na haraka na ndoo zao. Yeye akabaki peke yake, anatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake alibeba maziwa ya ng'ombe wake wa pekee, akaenda kwa Zena. Akasimama mlangoni.

"Nimekukosea, Mama Sabaha."

Zena alimimina maziwa kikombeni, akamwita Sabaha.

"Nini hiki, mama?" mtoto aliuliza.

"Kimetoka kwa Mama Natalia. Kunywa tu."

Mtoto akanywa bila kuuliza tena. Xaveria akajifunika uso kwa khanga. Aibu ya bombani haikufika hata nusu ya hii.