Kioo Hakifutwi

Mama Daftari alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojifunza kwamba mbinguni kuna kitu kinachoitwa kwasari. Kabla ya hapo alikuwa amefanya usafi katika kituo cha darubini kwa miaka tisa bila kuuliza wale wataalamu wanatazama nini. Jina la Mama Daftari alibandikwa na Fundi, mtunza mitambo, siku alipomkuta anakula huku amefungua daftari la masomo ya jioni.

"Mama Daftari, utameza na kalamu!"

"Nikiimeza nitakuwa profesa kabla yako, mwanangu."

Mwalimu wa jioni aliwaeleza kwamba mbali kabisa kuna shimo jeusi, zito kama majua bilioni moja. Linavuta gesi, na gesi hiyo, kabla haijamezwa, huzunguka, hupata joto na kuwaka kuliko kundi zima la nyota; hiyo ndiyo kwasari. Nuru yake husafiri miaka bilioni kumi ndipo itufikie. Mama Daftari aliandika yote. Alipofika nyumbani alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kumwacha hai mpaka akayajua hayo.

Kesho yake asubuhi alikuta kioo kikubwa cha darubini kiko wazi. Siku zote huwa kimefunikwa, na Fundi ndiye mwenye ufunguo wa kifuniko. Alikuwa ametoka mara moja kufuata bisibisi. Kioo kilikuwa na vumbi. Mama Daftari aliona haya. Nuru ile ni mgeni; mgeni atoke mbali kiasi hicho, halafu apokewe na vumbi? Akatoa kitambaa kisafi, akakifuta kioo kwa kuzungusha mkono, kama alivyofuta madirisha maisha yake yote, huku akiomba kimoyomoyo.

Hakujua kwamba kioo kile hakiguswi kwa kitambaa. Kimepakwa utando wa madini mwembamba kuliko unywele, na vumbi lake hupeperushwa kwa hewa tu.

Siku ya tatu Profesa, mkuu wa kituo, aliona mikwaruzo ya mviringo. Nuru ya kwasari aliyoisubiri mwaka mzima ilikuja imetawanyika, haipimiki. Fundi akasimamishwa kazi. Ijumaa ya wiki iliyofuata kamati ingeamua kama afukuzwe.

Mama Daftari alikutana naye langoni, amebeba sanduku la vifaa vyake.

"Mama, sijakigusa, haki ya Mungu. Na mke wangu anajifungua mwezi ujao. Wewe ni mtu wa sala, niombee."

"Mungu yupo, mwanangu," alijibu, akapita haraka.

Siku nane hakuweza kuomba. Kila alipoinama aliona mkono wake unazunguka juu ya kioo. Nuru ilikuwa imesafiri miaka yote ile bila kuguswa na mtu, ikaja kuharibika mikononi mwake. Na sasa kijana wa watu anabebeshwa zigo lisilo lake.

Ijumaa aliingia kwenye kikao bila kubisha hodi. Fundi alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Ni mimi," Mama Daftari alisema. "Nilikifuta kwa kitambaa."

Profesa alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Nilitaka nuru iingie mahali safi."

Hakuna aliyecheka. Fundi alimgeukia polepole.

"Siku nane, mama. Uliniambia Mungu yupo, ukapita."

"Yupo. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbia. Nisamehe, baba."

 Fundi alichukua ufunguo wake wa kifuniko mezani, akatoka. Mama Daftari alipewa barua ya kusimamishwa kazi miezi miwili, akaipokea kwa mikono yote miwili.

Jioni alikwenda darasani kama kawaida. Alifungua ukurasa wa kwasari, na chini ya ile miaka bilioni kumi akaandika: *Kioo hakifutwi.* Kisha akainamisha kichwa juu ya dawati. Aliomba kwanza kwa ajili ya Fundi, halafu mkewe, halafu mtoto. Ilipofika zamu yake mwenyewe, Mwalimu alikuwa ameshaanza kufundisha.