Muhuri wa Mwisho Uko kwa Arlette

Zilipobaki kilomita ishirini, Cyprien, mwenzangu wa mbio, alianza kuimba, nikajua kwamba naye amekwisha. Akiwa na nguvu hupiga soga. Zikimwishia huimba, na huimba vibaya.

"Nyamaza, utamaliza pumzi," nikamwambia.

"Pumzi ilibaki kule mlimani, dada Solange. Hii ninayotumia nimeazima kwako."

Tulikuwa juu ya baiskeli tangu saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa Cers ulikuwa umetushika usoni tangu saa tano, upepo mkavu usiopumzika, na njia nyeupe ya changarawe ilikuwa inatutikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kushoto na kulia mizabibu ilikuwa imekwisha kuvunwa, majani yakigeuka mekundu. Hapo katikati ya Oktoba mashamba yetu huwa na sura ya mtu aliyemaliza kazi na hataki kusemeshwa. Nami sikutaka kusemeshwa.

Mfukoni mgongoni nilikuwa na kadi yenye mihuri mitano. Ulibaki mmoja. Anayemaliza mbio za Njia Nyeupe mara kumi, kila mara na mihuri yote sita kabla ya saa kumi na mbili jioni, jina lake huchomwa kwa chuma cha moto kwenye kifuniko cha pipa kilichotundikwa ukutani katika chama chetu cha baiskeli, kijijini Montbrac. Yako majina kumi na moja. La nne ni la baba yangu, Célestin Roumens. Mimi nilikuwa na kadi tisa nyumbani ndani ya kopo la biskuti, na hii ilikuwa ya kumi. Ya kumi na moja isingekuwepo. Daktari alikuwa amelishika goti langu la kushoto, akalikunja, akalisikiliza linavyosaga, akasema, "Mama, ukitaka kutembea ukiwa na miaka sabini, njia za mawe ziache." Nina miaka sitini na mbili. Nilimwomba Oktoba moja tu.

Tatizo ni kwamba muhuri wa sita ulikuwa kwa Arlette.

Arlette ni mdogo wangu. Kwa miaka yote muhuri huo ulikuwa mkahawani Fontjalade, lakini mkahawa umefungwa, na chama kikauhamishia uani kwa Arlette, katika nyumba tuliyozaliwa. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka mitatu, tangu wiki aliyozikwa baba, siku iliposomwa karatasi ya urithi. Mashamba yote alipewa yeye. Nilisema mbele ya watu kwamba alimshikia mzee kalamu. Yeye akajibu, "Wewe ulikuwa unakuja Krismasi. Mimi nilimvalisha soksi kila asubuhi." Nikachukua koti langu nikarudi zangu mjini Narbonne, na nimekaa huko.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi. Nafika, naweka kadi mezani, napigiwa muhuri, naondoka. Bila salamu.

"Na akikuuliza hujambo?" Cyprien alikuwa ameniuliza asubuhi.

"Nitajifanya nimechoka."

"Hapo hutajifanya."

Tulifika njia panda saa kumi na moja na dakika tano. Cyprien akatoa simu, akaikinga upepo kwa kiganja. "Ramani inasema tuzungukie darajani. Kilomita kumi na nne, na upepo huu huu usoni."

"Hatufiki."

"Hatufiki," akakubali, akakaa chini kwenye changarawe kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Inuka. Kanuni zinataka mihuri, hazikusema upite wapi. Tunakatiza juu, mashambani kwa baba. Dakika ishirini na tano."

"Ramani haionyeshi njia huko juu."

"Ramani haikukulia huko. Zima hiyo simu, Cyprien. Huku hatusomi barabara, tunasoma mizabibu. Unapanda mpaka mizabibu ya Carignan ya babu, ile mifupi iliyojikunja. Unaiweka mkono wa kushoto mpaka safu zinapogeuka aina ya Grenache. Zikiisha, kuna mti wa mlozi. Kwenye mlozi unashuka, unaangukia uani. Ningefika nikiwa nimefumba macho."

"Basi fumbua, maana mimi yangu yanajifunga," akasema, akainuka.

Tulipanda kwa gia ndogo kuliko zote, polepole kiasi kwamba nzi mmoja alituongoza mlima mzima. Goti lilikuwa linasaga. Nilijipa moyo kwa kuhesabu safu ambazo ningeziona nikifika juu: mia na arobaini za Carignan, babu alizipanda kwa mkono.

Nikafika juu. Hapakuwa na safu hata moja.

Palikuwa na ardhi. Ardhi nyekundu iliyolimwa na trekta kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake marundo ya visiki vya mizabibu, mizizi ikitazama juu, mingine mirefu kuliko mimi. Ukuta wa mawe ulikuwa umesukumwa kando. Njia ilikuwa imelimwa pamoja na shamba. Mlozi sikuuona.

Cyprien akasimama pembeni yangu. Alitazama, kisha akanitazama.

"Ni mbele kidogo," nikasema.

Haikuwa mbele kidogo. Nilishika mkono wa kushoto kwa mazoea, lakini kushoto kwa kitu gani? Udongo mlaini ulimeza magurudumu mpaka tukashuka na kusukuma, kisha ukaganda kwenye breki mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, tukazibeba baiskeli mabegani. Tulishuka bonde nililodhani ni la nyumbani, tukakuta genge la mawe na miiba. Tukapanda tena. Nilipotea katika shamba la baba yangu mchana kweupe, umbali ambao zamani mama aliweza kuniita kwa sauti nikaenda kula.

"Washa simu," nikasema.

"Imekufa tangu pale kwenye miiba. Sikutaka kukwambia."

Kengele ya Montbrac ilipogonga saa kumi na mbili tulikuwa tumekaa juu ya rundo la visiki, tukichokoa udongo kwenye minyororo kwa vijiti. Tulihesabu mapigo yote bila kutazamana. Lilipolia la mwisho, Cyprien akanyoosha kidole. Chini yetu, upande nisiouwazia, kulikuwa na moshi na paa la vigae.

"Ni wapi pale?" akauliza.

"Nyumbani," nikasema.

Tuliingia uani tukiburuta baiskeli. Arlette alikuwa ameketi nyuma ya meza yenye muhuri, kalamu na saa ya jikoni ya baba aliyoitoa nje. Akainuka kwa kushika meza kwa mikono yote miwili, kama bibi kizee. Hakuwa hivyo nilipomwacha. Alitazama viatu vyetu vyekundu.

"Mmetokea juu."

"Ndiyo."

"Juu hakuna njia tena."

"Nimeona."

Nilikuwa nimeandaa ukimya, lakini uchovu hauwezi kazi hiyo. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Ungeniambia, Arlette. Carignan ya babu, na usiniambie?"

"Ungepokea simu?"

Niliegemeza baiskeli ukutani.

"Nilipiga Januari. Siku moja, mara tatu. Mtu wa trekta alikuwa amewasha injini, nikamwambia azime, asubiri, dada yangu atapokea." Alikuwa anaongea polepole, bila hasira, kama anayesoma orodha. "Alisubiri nusu saa. Mgongo wangu umekwisha, dada. Mvinyo haununuliwi, na wa kupogoa nimebaki mimi. Sikuweza tena. Nilitaka tu mtu wa kusimama naye siku ile."

Niliikumbuka Januari hiyo. Niliona jina lake kwenye simu, nikaifunika kwa kitambaa cha vyombo mpaka ikanyamaza. Mara tatu.

"Niliiona ikilia," nikasema. Ni hilo tu nililokuwa nalo la kumpa, nikampa.

Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa kadi mfukoni, akaichukua, akaifungua, akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Saa ya baba ilisema kumi na mbili na dakika kumi na moja.

"Ni ya kumi hii," akasema.

"Unajuaje?"

"Nahesabu." Akainamisha kichwa. "Naandika kumi na mbili kasoro dakika tano. Hakuna mtu hapa."

"Mimi sipo kabisa," Cyprien akasema, akachuchumaa kukagua mnyororo wake kwa bidii kubwa.

Niliutaka. Nisiseme uongo, niliutaka muhuri ule mpaka meno yakauma. Nililiona jina langu kwenye pipa, chini ya la baba, herufi zikiwa bado zinatoa moshi. Kisha nikamwona baba mwenyewe pia, mwaka ule aliosimamia meza Fontjalade.

"Alimnyima meya muhuri kwa kuchelewa dakika mbili," nikasema.

"Meya alikuwa amepita kwa mama mkwe kula keki."

"Alimnyima hata hivyo."

"Alimnyima," Arlette akasema, na kona ya mdomo wake ikasogea kidogo.

"Andika ilivyo."

Aliugandamiza muhuri kwenye wino. Kisha akapiga muhuri, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa shule: 18:11. Akapuliza wino ukauke, akanirudishia. Kadi nzuri, mihuri sita, haifai kitu.

"Na yangu?" Cyprien akauliza kutoka chini.

"Na yako pia," Arlette akasema.

"Ukoo huu ungekaa kwenye kiti cha hakimu. Wahalifu tungeisha nchini."

Tulikula uani nyuma ya ukuta, ambako upepo haufiki. Arlette alichoma soseji juu ya makaa ya mizabibu, maana hakuna kuni zinazoivisha nyama kama visiki vile, na sasa alikuwa navyo vya kutosha miaka ishirini. Cyprien alisinzia ameshika mkate. Mimi nilijaribu kuinuka mara moja, goti likakataa, nikaliacha.

Makaa yalipoanza kufifia Arlette aliingia ghalani, akarudi amekumbatia kisiki kimoja kinene kilichopinda shingo. Akakiweka miguuni pangu.

"Hiki unakijua?"

Nilikigeuza. Kilikuwa cha kona, pale safu ya kwanza ilipoanza. Nilikigonga nikiwa na miaka saba, siku baba alipoiachia baiskeli niende peke yangu kwa mara ya kwanza, na jino langu la mbele lilibaki shambani.

"Nilikitenga siku ile," akasema. "Nilikuwekea."

Nilikiinua. Kilikuwa kizito, kikavu kabisa.

"Kichome," nikasema. "Miguu yangu imeganda."